Dawa ya Deni ni Kulipa

Kila mwaka, mvua zinapokwisha na alizeti kuanza kuvunwa katika Mkoa wa Singida, mashine za kukamua mafuta hunguruma tena katika Manispaa ya Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Huo ndio wakati ambao mwenye mashine anahitaji fedha taslimu kuliko wakati mwingine wowote, maana mkulima hauzi mbegu zake kwa ahadi. Lakini huo pia ndio wakati ambao mfanyabiashara anaweza kujikuta mikono mitupu, ilhali anazo fedha zake halali zilizolala kwenye mafaili ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), zikingoja kurejeshwa.

Swali linaloulizwa ni hili: je, mwananchi anayeidai Serikali fedha zake za kodi aendelee kusubiri kimya, au aende kwenye vyombo vya sheria? Wapo wanaodhani kwamba kuishtaki TRA ni utovu wa adabu, na hata ni kukosa uzalendo. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo. Nchi inayojiendesha kwa sheria haina budi kukubali kwamba mwananchi na Serikali yake wanaweza kudaiana, na kwamba anayedaiwa hulipa, awe mkubwa awe mdogo. Aibu haiko kwa mdai anayekwenda kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Aibu iko pale ambapo mdai analazimika kwenda huko kwa deni ambalo kila mtu anajua kwamba lipo.

Ili jambo hili lieleweke vizuri ni lazima tukumbushane jinsi Kodi ya Ongezeko la Thamani inavyofanya kazi. Kodi hii ilianza kutozwa Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, ikachukua nafasi ya Kodi ya Mauzo. Kiwango chake cha kwanza kilikuwa asilimia 20, na tangu mwaka 2009 kiwango cha kawaida kimekuwa asilimia 18. Msingi wake ni kwamba mzigo wa kodi humwangukia mlaji wa mwisho. Mfanyabiashara aliyesajiliwa ni mkusanyaji tu. Hutoza kodi anapouza, hukata kodi aliyokwisha kuilipa aliponunua, na tofauti huipeleka TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Sasa ikitokea kwamba kodi aliyoilipa aliponunua ni kubwa kuliko ile aliyoitoza alipouza, tofauti hiyo ni yake. Hutokea hivyo kwa mtu anayeuza bidhaa nje ya nchi, kwa sababu mauzo ya nje hutozwa kiwango cha sifuri. Hutokea pia kwa mtu aliyejenga kiwanda na kununua mitambo mingi kabla ya kuanza kuuza. Fedha hizo si zawadi kutoka Hazina, wala si ruzuku, wala si hisani ya afisa yeyote. Ni fedha za mfanyabiashara ambazo Serikali ilizishika kwa muda, kwa ahadi iliyoandikwa katika sheria kwamba itazirudisha.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu ana kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, na sehemu kubwa ya mafuta na mashudu yake huiuza nchi jirani. Katika msimu mmoja amenunua vipuri, madumu, vifungashio na huduma nyingine zenye thamani ya shilingi milioni 100. Juu ya hizo amelipa kodi ya shilingi milioni 18. Kwa kuwa mauzo yake ya nje hayana kodi ya kukatia, milioni 18 zote anazidai. Kama amekopa benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka ili aweze kununua mbegu, basi kila mwaka ambao fedha zake zinalala humgharimu shilingi milioni 2 na laki 7 za riba. Zikilala miaka mitatu, amepoteza zaidi ya milioni 8, sawa na karibu nusu ya deni lenyewe. Na hapo hatujahesabu thamani ya shilingi inavyoshuka, wala mbegu ambazo hakuweza kuzinunua, wala vibarua ambao hakuwaajiri.

Anayeumia mwishowe ni nani? Ni mkulima wa Mkalama anayeambiwa kwamba mwenye mashine hana fedha, na kwa hiyo huuza gunia lake kwa bei ya kutupa kwa mchuuzi wa kwanza apitaye na lori. Serikali yenyewe imekuwa ikihimiza kilimo cha alizeti katika Singida, Dodoma na Simiyu ili Taifa lipunguze mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje. Haifai kuhimiza kilimo kwa mkono wa kulia na kuzuia mtaji wa mnunuzi kwa mkono wa kushoto.

Sheria inasemaje? Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, inamtaka mfanyabiashara wa kawaida asogeze mbele madai yake kwa miezi 6 kwanza. Yule ambaye sehemu kubwa ya biashara yake ni mauzo ya kiwango cha sifuri huruhusiwa kuomba mapema zaidi. Maombi yakishapokelewa, Kamishna Mkuu hupewa siku 90 za kutoa uamuzi. Muda huo unatosha kwa mtu mwenye nia ya kulimaliza jambo.

Tatizo ni kwamba siku 90 zikipita bila jibu, mwombaji hubaki njia panda. Hajakataliwa, kwa hiyo akate rufani dhidi ya uamuzi upi? Hajakubaliwa, kwa hiyo alipwe na nani? Akiandika barua, huambiwa uhakiki unaendelea. Akienda mwenyewe, huambiwa arudi wiki ijayo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nasi tunaona kwamba ukimya wa ofisi ni uamuzi mbaya kuliko kukataliwa, kwa sababu anayekataliwa angalau anajua mlango wa kubisha.

Mlango huo upo. Sheria ya Rufani za Kodi ya mwaka 2000 iliunda Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi. Asiyeridhika na Baraza huweza kwenda Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria. Baadaye ikaongezwa Ofisi ya Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi, ambayo msingi wake uliwekwa katika sheria mwaka 2019, ili mwananchi mwenye malalamiko ya huduma na taratibu apate mahali pa kusikilizwa bila gharama za mawakili. Hatua hizi zote ni za kupongezwa.

Lakini tusijidanganye kwamba njia hiyo ni nyepesi kwa kila mtu. Makao makuu ya Bodi yako Dar es Salaam, karibu kilometa 700 kutoka Singida. Ni kweli kwamba Bodi hufanya vikao mikoani, lakini mfanyabiashara mdogo hana mwanasheria wa kodi wa kumwandikia rufani, na muda wa kukata rufani haumsubiri. Isitoshe, mtu huyo huyo anayeidai TRA anaweza, katika mwezi huo huo, kupelekewa makadirio ya kodi nyingine ambayo hakubaliani nayo. Ili pingamizi lake lipokelewe, sheria inamtaka alipe kwanza kiasi kisichobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Kamishna Mkuu anayo ruhusa ya kupunguza au kusamehe sharti hilo akiona sababu nzuri. Bila ruhusa hiyo, mdai hugeuka mdaiwa na kutakiwa atoe fedha mpya, ilhali zake za zamani zimeshikwa na mkono ule ule unaomdai.

Ulinganifu uko wapi? Mwananchi akichelewesha kodi, hutozwa riba inayojumlishwa kila mwezi, na adhabu juu yake. Hakuna anayemwambia afisa wa kodi kwamba mfanyabiashara bado anahakiki vitabu vyake. Mwananchi anayetaka kuishtaki Serikali kwa madai ya kawaida hutakiwa kuipa notisi ya siku 90. Tunaona ni haki kwamba Serikali nayo izichukue siku 90 zake za kuamua marejesho kwa uzito ule ule. Katika nchi jirani ya Uganda, sheria ya kodi ya namna hii iliweka riba kwa marejesho yanayocheleweshwa. Deni lenye riba hulipwa upesi, kwa sababu kila mkuu wa idara huliogopa katika hesabu zake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema katika Ibara ya 138 kwamba kodi haitatozwa ila kwa mujibu wa sheria. Tunaamini kwamba maana yake si kutoza tu, bali hata kushika. Shilingi ambayo sheria imesema irudishwe, na haijarudishwa, haina tofauti kubwa na shilingi iliyotozwa bila sheria. Ibara ya 107A inavitaka vyombo vya kutoa haki visicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na vitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika. Mwenye kiwanda cha alizeti anapobisha hodi kwenye Bodi, anaitumia Katiba kama inavyotakiwa itumike.

Wakubwa nao wamelalamika. Wenye viwanda, kupitia Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania, walipiga kelele kwa miaka kadhaa kuhusu nyongeza ya asilimia 15 ya ushuru wa sukari ya viwandani, iliyotozwa kama amana ya kurejeshwa na ambayo marejesho yake yalisuasua. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa ili wanaosafirisha madini ghafi wasirejeshewe kodi ya manunuzi yao, na mwaka huo huo makampuni makubwa ya dhahabu yaliyokuwa na mgogoro na Serikali yakafungua mashauri ya usuluhishi wa kimataifa. Mgogoro huo ulimalizwa Januari 2020 kwa makubaliano yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Tunasema tu kwamba mkubwa anao mahali pa kwenda, hata ng'ambo, na mwishowe huitwa mezani. Mwenye mashine moja ya kukamua alizeti hana ng'ambo ya kwenda. Haki yake isipopatikana Singida, Dodoma au Dar es Salaam, haipatikani kabisa.

Huenda wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wakauliza: mambo ya alizeti ya Singida yatuhusu nini sisi watu wa Visiwani, wenye sheria yetu ya kodi hii na mamlaka yetu ya mapato? Yanawahusu sana. Chakula kingi kinacholiwa Visiwani huvuka bahari kutoka Bara, na gharama inayomkaba mwenye kiwanda huko hupanda chombo pamoja na bidhaa zake na kufika sokoni Darajani na Chake Chake ikiwa ndani ya bei. Anayelipa riba ya benki kwa sababu marejesho yamechelewa hailipi peke yake. Mnunuzi humsaidia kuilipa bila kujua.

Upo mfano mwingine ulio karibu zaidi. Kwa miaka mingi ndugu zetu wa Zanzibar walilalamika kwamba umeme unaouzwa na TANESCO kwa Shirika la Umeme Zanzibar unatozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mwaka 2019 Bunge likakubali umeme huo utozwe kiwango cha sifuri, na wengi wakafurahi, nasi tulikuwa miongoni mwao. Lakini kiwango cha sifuri kina maana kamili pale tu ambapo muuzaji anarejeshewa kodi aliyolipa katika manunuzi yake. Asiporejeshewa, kodi ile iliyofutwa kwenye ankara hurudi kwa mlango wa nyuma kama gharama. Kwa hiyo nafuu yoyote inayotolewa kwa kiwango cha sifuri, iwe kwa Visiwani au kwa Bara, hutegemea marejesho yanayolipwa kwa wakati. Marejesho yakikwama, nafuu hubaki kwenye karatasi.

Tunasema hivyo hivyo kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato mwaka 2022. Mwenye hoteli wa Nungwi au Makunduchi naye ni mlipakodi, na fedha yake ikishikwa bila sababu huuma kama ya mwenye kiwanda wa Singida.

Haki inatutaka tuseme na upande wa Serikali. Maafisa wa TRA hawacheleweshi kila dai kwa kupenda. Wapo watu wanaotengeneza stakabadhi za uongo, wapo wanaodai kodi ya bidhaa ambazo hazikununuliwa kamwe, na wapo wanaoandika kwamba wameuza nje mizigo iliyouzwa mtaa wa pili. Mashine za kielektroniki za kutoa risiti, zilizoanza kutumika mwaka 2010, zimesaidia, lakini hazijamaliza udanganyifu. Mlinzi wa Hazina asiyehakiki madai anastahili kufukuzwa kazi. Tunajua pia kwamba TRA hupimwa kwa makusanyo yake ya kila mwezi, na kwamba hospitali, shule na barabara zinasubiri fedha hizo.

Hata hivyo, udanganyifu wa wachache si sababu ya kuwafungia wote katika chumba kimoja. Mfanyabiashara aliyewasilisha ritani zake kwa miaka kumi bila doa hastahili kupangwa foleni moja na kampuni iliyosajiliwa juzi na kudai mabilioni leo. Na kuhusu makusanyo, ukweli lazima usemwe: fedha za marejesho si mapato ya Serikali. Kuzihesabu kama mapato ni sawa na mtu kujisifu kwamba ana fedha nyingi mfukoni, na nusu yake ni za jirani. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amelieleza tatizo la marejesho yaliyochelewa zaidi ya mara moja katika taarifa zake. Haijakosekana taarifa. Kilichokosekana ni mazoea ya kulipa.

Wazee wetu wanakumbuka yaliyotokea baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976 na mamlaka za mazao kushika kazi ya kununua. Wakulima walipeleka mazao, wakaandikiwa karatasi, wakaambiwa wasubiri. Waliosubiri sana waliacha kulima zao lile, au walitafuta njia za panya za kuliuza. Ushirika ukarudishwa katika miaka ya 1980, lakini imani iliyopotea haikurudi upesi. Somo lake ni rahisi. Mtu asiyelipwa anachodai huacha kuleta. Mfanyabiashara anayeona kwamba kodi aliyoilipa kwa uaminifu hairudi, siku moja atanunua vipuri bila risiti kwa bei ya chini, na Taifa litapoteza zaidi ya lile lililodhani limeokoa.

Iko hatari nyingine ambayo haipendi kutajwa, nasi tutaitaja. Foleni isiyoonekana huzaa mlango wa pembeni. Pale ambapo hakuna ajuaye nani analipwa kabla ya nani, mtu mwenye shida hushawishika kutoa kitu kidogo ili faili lake lipande juu. Huko ni kuwatia majaribuni watumishi na wananchi pia. Dawa yake ni mwanga.

Kwa hiyo tunatoa maoni yetu kwa Hazina, kwa TRA, na kwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue, pamoja na wote watakaoyafanyia kazi mapendekezo yake.

Kwanza, sheria itamke wazi kwamba siku 90 zikipita bila uamuzi, mwombaji ahesabiwe kuwa amekataliwa na aweze kukata rufani siku ile ile, na mzigo wa kueleza sababu za ukimya uwe wa TRA. Pili, riba ya deni lililocheleweshwa ilipwe bila mtu kuiomba, kwa kiwango kile kile anachotozwa mlipakodi. Tatu, sehemu ya kodi iliyokusanywa itengwe kila mwezi kwa ajili ya marejesho kabla haijahesabiwa kuwa mapato, na isiguswe kwa shughuli nyingine hata kama shughuli hizo ni njema. Nne, TRA itangaze kila robo mwaka, kwa kila mkoa, idadi ya madai yaliyopokelewa, yaliyolipwa na yaliyovuka siku 90, bila kutaja majina ya watu. Tano, madai madogo yenye kumbukumbu safi yalipwe kwanza na yakaguliwe baadaye, na atakayekutwa amedanganya aadhibiwe vikali. Sita, mwenye madai yaliyokubaliwa aruhusiwe kuyatumia kulipia kodi nyingine anazodaiwa, pamoja na ile theluthi ya pingamizi, bila kupiga magoti kwa mtu.

Kwa wafanyabiashara wa Singida na kwingineko nao tuna neno. Haki hailetwi nyumbani kwa aliyelala. Tunzeni ankara na risiti zenu, wasilisheni ritani kwa tarehe, ombeni marejesho ndani ya muda uliowekwa, na kila barua mnayopeleka ipigwe muhuri wa kupokelewa. Msipojibiwa, nendeni kwa Msuluhishi. Ikishindikana, nendeni kwenye Bodi, na ikiwezekana nendeni kwa umoja wenu, maana wakili mmoja kwa watu kumi ni nafuu kuliko wakili mmoja kwa mtu mmoja. Msitoe rushwa ili mlipwe kilicho chenu. Anayenunua haki yake leo atauziwa tena kesho kwa bei kubwa zaidi.

Kwa viongozi wetu tunasema kwamba mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikemea ukusanyaji wa kodi kwa mabavu, na nchi nzima ilimsikia, Bara na Visiwani. Kuzishika fedha za mlipakodi bila jibu ni mabavu ya namna nyingine, ingawa hufanyika kimya na kwa karatasi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Serikali yetu isiwe miongoni mwa wanaoshangilia siku ya kupokea na kununa siku ya kurudisha. Alizeti ya msimu ujao haitasubiri uhakiki. Wanaodai walipwe sasa, na wasiostahili waambiwe sasa, ili kila mmoja ajue la kufanya.